Barua kwa mwanangu: mafuta yapi, au nani kayapima?

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na ile picha ya chupa tatu nimeiangalia kwenye simu ya dada yako mpaka macho yakauma. Umeniuliza kwa kifupi: kati ya mafuta ya CBD, yaani kanabidioli inayotolewa kwenye mmea wa bangi, yanayouzwa hapo Bristol, Uingereza, yale ya mmea mzima, yale yaliyoondolewa THC, ile sehemu inayolevya, na yale ya kanabidioli tupu, ni yapi umletee baba yako kwa ajili ya magoti ukija Krismasi, na ni yapi utumie wewe upate usingizi ukitoka zamu ya usiku. Ukasema unaniuliza mimi kwa sababu nimezeekea kwenye meza ya kuonja kahawa na hakuna anayeweza kuudanganya ulimi wangu.

Ulimi wangu nauamini, tena sana. Ila mafuta haya hayajulikani kwa ulimi. Mara nyingi yanayeyushwa kwenye mafuta ya nazi au ya zeituni, na ladha haikuambii kilichomo ni kiasi gani. Kwa hiyo kabla hujaniuliza yapi, mimi nakuuliza wewe: nani kayapima?

Nilivyoelewa, na dada yako amenisomea mengi wiki hii, mmea ni bangi, ile ya viwandani iliyooteshwa iwe na THC kidogo. THC ndiyo inayolevya, CBD hailevyi. Wanaikamua kwa spiriti au kwa hewa ya ukaa iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Wakiacha kila kilichotoka, THC kidogo ikiwemo, hayo ni ya mmea mzima. Wakiitoa THC na kuyaacha mengine, ni ya aina ya pili. Wakisafisha mpaka ibaki CBD peke yake, unga mweupe unaochanganywa na mafuta, ndiyo ya tatu. Kuna na ya nne ambayo hukuitaja, mafuta ya mbegu za mmea huohuo. Hayo ni mazuri jikoni lakini CBD ndani yake ni kama hakuna, na wapo wanaoyauza kwa bei ya haya mengine huku chupa ikiwa na picha ya jani lilelile. Hayo yaache dukani.

Sasa tazama: majina yote matatu yanakueleza kilichoondolewa. Hakuna hata moja linalokueleza kilichobaki ni kiasi gani. Jina si kipimo. Nimekuambia hivyo tangu ulipokuwa unanunua viatu pale soko la Memorial, na nitakuambia hata ukiwa na wajukuu.

Watu wa nje wakiona kahawa imeandikwa AA hudhani ndiyo tamu kuliko zote. Wewe umekulia nyumbani kwangu, unajua AA ni ukubwa wa punje tu. Ni zile zinazobaki juu ya chujio wakati wenzake wanapita. Punje inaweza kuwa nene na inang'aa, na kikombe kikawa hakinyweki.

Hili naliandika na moyo unanidunda, kwa sababu nimekumbuka ule mwaka wa mafuta ya taa. Mjomba wako husimulia nusu yake kila Krismasi, ile nusu inayomhusu yeye. Nusu yangu ni hii.

Nilikuwa mwanafunzi pale chumba cha kuonjea kahawa, msichana peke yangu kati ya wanaume, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchemsha maji na kuosha vikombe. Asubuhi moja wakanipa kijiko nionje nao. Meza ndefu, vikombe vina namba tu, na nyuma ya kila namba kuna sinia ya punje mbichi. Maji yalikwisha kumiminwa, tukangoja dakika zake, tukavunja utando wa juu na kunusa. Nilipofika kwenye namba fulani nikasimama. Nikavuta kijiko kwa sauti kama nilivyofundishwa, nikatema, nikarudia. Nikasema, hii ina mafuta ya taa.

Walicheka. Mmoja alichota punje kwenye sinia akanionyesha kiganjani: tazama AA ilivyo, imejaa, haina hata doa, mafuta ya taa yametoka wapi? Nikasema sijui yametoka wapi, najua yapo. Yule mzee aliyekuwa mkuu wetu hakusema neno. Alikuja na kijiko chake, akavuta, akatema, akakaa kimya kwa muda ulionifanya nijione nimeota mvi. Kisha akamwambia karani aandike: mafuta ya taa. Mwanangu, nimepata mengi maishani, nimeolewa na mtu mwema na nimewazaa ninyi, lakini furaha ya namna ile sijaipata mara nyingi. Mpaka leo nikiifikiria nakaa vizuri kwenye kiti.

Mchana, karatasi ya namba ikafunguliwa. Ulikuwa mzigo wa chama chetu cha ushirika kule Kibosho. Kahawa ya babu yako ilikuwa humo. Ghalani waliiweka jirani na pipa la mafuta ya taa, na kahawa hunyonya harufu yoyote inayoikuta. Bei ikashuka kwa wote, aliyeanika vizuri na asiyeanika vizuri. Ndiyo maana mjomba wako alikaa nyumbani muhula mzima akikata majani ya ng'ombe wakati wenzake wako darasani. Hiyo ndiyo nusu yake, na ana haki ya kuisimulia.

Nimebishana na nafsi yangu juu ya siku ile miaka yote. Ningenyamaza, mzee angeonja mwenyewe na kuikuta? Pengine. Na kama asingeikuta, mnunuzi wa Ujerumani angeikuta, na mwaka uliofuata asingeinunua hata iliyo safi. Hivyo ndivyo ninavyojitetea. Halafu namkumbuka mama yangu akihesabu zile noti mezani, akizihesabu tena, na utetezi wote unaisha. Babu yako alikuja mjini Jumatatu yake. Aliniuliza swali moja tu: ulionja mwenyewe au ulisoma karatasi? Nikamwambia nilionja. Akasema, basi. Tukanywa chai.

Nakueleza haya kwa sababu hao wauzaji wa chupa wanakuonyesha sinia, hawakuonyeshi kikombe. Mwaka 2017 kulichapishwa utafiti Marekani: walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni, wakazipima maabara. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa asilimia 31 tu. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingi zaidi zilikuwa na ziada, na THC ilikutwa kwenye 18. Niliposomewa hayo nilimwambia dada yako arudie.

Tuje kwa baba yako. Hapa sina kigugumizi. Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu ule mwaka wa moyo, na kila akienda hospitali ya KCMC wanampima damu inavyoganda ndipo wanajua wampe kiasi gani. CBD ikifika kwenye ini inaweza kuchelewesha uvunjwaji wa warfarini, kwa hiyo dawa inabaki mwilini zaidi ya ilivyokusudiwa na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Iwe ya mmea mzima, iwe tupu, hilo halibadiliki, maana CBD ndiyo yenyewe inayofanya hivyo. Najua utasema magoti yanamuuma. Mimi ndiye ninayemsikia akiamka usiku. Kuna usiku nimejisemea mwenyewe, matone mawili yatamfanya nini mtu mzima? Kisha nakumbuka alivyotoka damu puani siku ile dozi ilipozidi, wewe ulikuwa hapa, uliona mataulo. Na hata hayo magoti: Vienna waliwapa watu wenye magoti yaliyosagika miligramu 600 za CBD kila siku kwa wiki 8 pamoja na parasetamoli, wakachapisha mwaka 2023 kwamba haikuwasaidia zaidi ya wale waliopewa dawa ya uongo. Miligramu 600, baba yangu! Chupa yako ya mililita 10 ya asilimia 5 ina miligramu 500 yote nzima. Angeimaliza kabla ya kesho asubuhi.

Tena usitie chupa yoyote kwenye begi ukija. Bangi na vitokanavyo nayo ni dawa za kulevya kwa sheria yetu ya 2015, na afisa wa pale uwanja wa ndege wa KIA hatakaa na wewe kujadili ipi ni ya mmea mzima na ipi ni tupu. Unasikia mashamba yanavyofyekwa kule Arumeru. Mletee baba yako viatu vyenye soli laini, namba yake unaijua.

Sasa wewe. Huko ulipo, chupa nzima haitakiwi kuzidi miligramu 1 ya THC. Marekani wao kwa sheria ya 2018 walihesabu asilimia 0.3, ambayo kwenye chupa kama yako ni karibu miligramu 30. Kwa hiyo ukiagiza ya mmea mzima kutoka Marekani, iliyotengenezwa kwa kipimo hicho inaweza kuwa ya haramu kwako, nawe unaendesha basi lenye watoto wa watu. Wakikupima na THC ikaonekana, kusema uliambiwa ni ya usingizi hakutakusaidia. Mamlaka ya chakula ya huko ilishauri mwaka 2020 mtu mwenye afya asizidishe miligramu 70 za CBD kwa siku. Oktoba 2023 wakashusha mpaka 10, kwa kuhofia ini na tezi ya shingo kwa anayetumia muda mrefu. Hiyo ni kama matone 4 au 5 ya yale ya asilimia 5. Na wakasema anayetumia dawa yoyote asiguse bila daktari.

Unataka niseme ipi. Mimi kama mwonjaji, moyo wangu uko na ya mmea mzima, sikufichi. Kahawa iliyoondolewa kafeini naijua, kitu kinapotea, na wapo wataalamu wanaosema vilivyomo kwenye mmea husaidiana. Lakini kusema si kupima, na ushahidi wa hilo bado ni mwembamba. Ile iliyosafishwa kabisa ndiyo iliyopita mtihani mkubwa: dawa ya aina za kifafa kikali kinachoanza utotoni, Epidiolex, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018, ni kanabidioli iliyosafishwa kwenye mafuta ya ufuta, miligramu 100 kila mililita, na kila chupa iko hivyohivyo. Ila hiyo ni ya kifafa na inaandikwa na daktari, si ya dereva asiyepata usingizi. Kwa hiyo nikisema chukua ile tupu, nitakuwa nasema kwa sababu ya kazi yako, si kwa sababu itakulaza. Basi sisemi. Umenielewa lakini.

Kama bado unataka kununua, muombe muuzaji cheti cha maabara. Kiwe cha maabara isiyo yake, kioneshe CBD ni kiasi gani na THC ni kiasi gani, na namba ya toleo kwenye cheti iwe ileile iliyochapwa kwenye chupa. Nipigie picha vyote viwili kabla hujalipa, dada yako atanikuzia herufi. Akikuambia cheti kipo ila hakipatikani leo, ondoka.

Na mwambie msimamizi wako kuhusu hizo zamu. Wiki ya usiku, wiki ya mchana, halafu usiku tena, hata mimi nisingelala.

Baba yako anakusalimu. Nimemsomea barua hii, ameguna tu pale kwenye magoti.

Mama yako