Re: Barua za Levi Woodbury kuhusu Zanzibar, natafuta sipati

Salaam ndugu. Nimekuelewa: unaandika "Zanzibar" kwenye orodha ya barua za Waziri wa Fedha wa Marekani, ukitafuta barua za Levi Woodbury, na hupati kitu.

Kwanza angalia tarehe. Woodbury alishika Hazina, yaani Wizara ya Fedha, kuanzia 1834 hadi 1841. Kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Jeshi la Majini, na safari ya Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani aliyetia saini mkataba na Sayyid Said kule Muscat mwaka 1833, ni ya kipindi hicho. Kwa hiyo barua za safari hiyo usizitafute Hazina. Na ripoti za balozi mdogo wa Marekani Richard Waters, aliyefika Unguja 1837, zilikwenda Wizara ya Mambo ya Nje.

Hazina yenyewe iliandikiana na wakuu wa forodha, na barua hizo zimepangwa kwa bandari ya Marekani. Tafuta Salem, bandari ya Massachusetts, maana meli za pembe na sandarusi zilitia nanga huko. Agiza kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani mikrofilamu M175 kwa barua zilizotumwa na Waziri, M174 kwa majibu ya forodha kuanzia 1833. Mwandiko wa makarani unachosha macho, lakini huzoeleka.

Ukikuta mapengo kabla ya Machi 1833, ni moto ulioteketeza jengo la Hazina.

Karatasi binafsi za Woodbury ziko Maktaba ya Bunge, Washington. Hizo mimi sijazifungua, aliyezipitia atusaidie.