Kabla ya Kumnunulia Mtoto Fidla

Wazazi wa hapa mjini Zanzibar huniuliza mara kwa mara swali moja: mtoto akionesha hamu ya muziki, apelekwe chuo cha muziki akasome noti, au aachwe afuatane na wakubwa kwenye kilabu ya taarabu mpaka azoee? Njia zote mbili nimezipita. Kwanza nilikuwa kijana wa mtaa wa Ng'ambo anayejifunza fidla kwa kutazama mikono ya watu, baadaye nikawa mwanafunzi aliyekalishwa mbele ya karatasi, na sasa ni miaka mingi nasomesha. Jibu langu ni kwamba vyote viwili vinahitajika, lakini kipi kitangulie ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani: sikio lianze, kundi lifuate mapema iwezekanavyo, na karatasi ije pale mtoto atakapokuwa na kitu kichwani cha kukiandika.

Mtoto wa Unguja au Pemba huanza kusomeshwa sikio kabla hajaijua ala yoyote. Anakwenda chuoni kusoma Qur'ani, anaitikia kaswida, anasikia maulidi nyumba ya jirani. Sisemi kuwa tilawa ni muziki. Wanaojua dini wamekwisha kulisemea hilo na mimi si wa kubishana nao. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyesahihishwa na maalimu wake urefu wa herufi, pahala pa kusita na pahala pa kuendelea, huja kwangu na uangalifu wa kusikiliza ambao sina haja ya kuuanzisha. Na kaswida humpa zaidi ya hapo, kwa sababu hukua akiimba Bayati na Hijazi bila ya kujua kwamba maqamu hayo, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, yana majina.

Faida ya sikio hilo huonekana siku tunapofika kwenye maqamu ya Rasti. Sauti ya tatu na ya saba za maqamu haya hazikai pale kinanda kilipoziweka. Ziko chini yake kidogo, kwa kiasi cha robo ya sauti nzima. Fidla na udi hazina vigawanyo shingoni vya kumwongoza mtu, kwa hiyo mtoto aliyeoneshwa kwa kidole tu leo atabonyeza juu na kesho atabonyeza chini, na kila mara ataamini kwamba amepatia. Ndiyo maana mwanafunzi mpya simwachi apige mahadhi yoyote mpaka aniimbie kwanza kwa mdomo, mwanzo hadi mwisho, na mwili wake utulie. Kinanda cha umeme cha kawaida, ambacho wazazi hukipenda kwa kuwa kinalia mara tu kinapoguswa, hakina sauti hiyo isipokuwa kiwe cha aina inayokubali kubadilishwa mpangilio wake. Mtoto akilelewa nacho peke yake kwa muda mrefu, Rasti itakuja kumlia masikioni kama kosa, na kuliondoa zoea hilo ni kazi ngumu kuliko kuanza upya.

Kwa wanaojifunza kanuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, sikio hunolewa kwa njia ya taabu zaidi. Ala hiyo ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na hewa yetu ya bahari haiziachi zikatulia. Mwanafunzi hufika, hukaa, na sehemu kubwa ya kikao chake huishia kukaza na kulegeza, akizilinganisha tatu mpaka zilie kama moja kisha ahamie tatu zinazofuata. Wengi hulalamika kwamba hawakuja kufanya kazi ya fundi. Mimi huwaomba wakubwa wasiwasaidie.

Baada ya sikio, skuli bora niliyoipata ni kidumbak, muziki wa harusini ulio ndugu wa taarabu. Wapo wanaokidharau kwa kuwa ala zake ni chache na hazina fahari: ngoma mbili ndogo, sanduku lenye mti na kamba linaloshika sauti nzito, mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa, na fidla. Lakini mpiga fidla wa kidumbak harusini hana pa kujificha. Nyimbo huungana moja na nyingine bila kusimama, mwendo huzidi kupanda kadiri wanawake wanavyopamba moto uwanjani, na mwimbaji hubadilisha wimbo bila ya kumwashiria mtu. Ukichelewa kuyashika mahadhi mapya, watu wote watasikia kwamba fidla imenyamaza. Wapigaji wengi wa kilabu za taarabu za hapa wamepitia huko, na ukiwasikiliza utawatambua: hawaogopi kupotea, kwa sababu wamezoea kurudi njiani upesi.

Kilabuni kuna somo jengine, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi na vijana waliosoma vizuri. Katika taarabu asilia kazi ya mpiga ala ni kumfuata mwimbaji. Mwimbaji huvuta silabi, huchelewa makusudi, hungoja watu waje kumtunza, kisha hurudi kwenye mstari wakati anaoutaka yeye. Fidla haziruhusiwi kumkanyaga. Hujibu pale anapovuta pumzi. Kijana anayesubiri kuhesabu mapigo yaliyoandikwa atajibu kabla ya wakati. Anayeyajua maneno hakosei, kwa sababu nyimbo nyingi zimetungwa kwa mizani za kuhesabika, mara nyingi 8 kwa 8, na kina cha kati humwambia mpigaji kwamba nusu ya mstari imekwisha na nafasi ndogo imefunguka. Kwa hiyo shairi ni sehemu ya elimu ya mpiga fidla sawasawa na vidole vyake. Mwanafunzi wangu akitaka kujifunza wimbo, namwamuru kwanza auandike kwa mkono wake, apige mstari chini ya vina, na auhifadhi. Wanaoona kuwa hiyo ni kazi ya mwimbaji peke yake husikika, na hawasikiki kwa uzuri.

Mseto huu wa kusoma na kufuatana na wakubwa si jambo la leo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki, naye aliporudi akawafundisha wengine hapa. Ikhwani Safaa iliyoundwa mwaka 1905 ilikuwa jumuiya ya marafiki waliotaka kupiga pamoja, na kwa miaka mingi kilabu za namna hiyo zilifanya kazi ya chuo bila ya kuitwa chuo. Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakutoka katika chuo chochote cha muziki. Alikuzwa na kundi lake dogo na hadhira yake. Mwimbaji Bi Kidude naye nyimbo za Siti alizipata kwa kusikiliza, na ngoma za unyago zikampa mkono. Wenye vipaji kama hivyo huzaliwa kwa nadra, na ningeshangaa mzazi akiwafanya kuwa hoja ya kumnyima mwanawe mwalimu.

Maana karatasi nayo ina haki yake. Tangu 2002 tuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzia katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, ambapo taarabu, kidumbak na ngoma hufundishwa pamoja na nadharia. Kabla ya hapo kijana alitegemea hisani ya mzee mmoja, na mzee asipokuwa na muda siku hiyo, somo limekwisha. Noti zilinifundisha kuona umbo la wimbo mzima, ambalo kwa sikio nilikuwa nikiliona vipande vipande, na mwalimu mwenye mbinu akanisahihisha mshiko wa upinde uliokuwa ukiniumiza bega. Bashraf ndefu, yaani kipande cha ala bila ya kuimba, hukaa kichwani upesi zaidi ukiwa umeiona imeandikwa. Na pia, tuseme kweli, anayetaka kufanya kazi na wanamuziki wa nje hatapewa muda wa kukariri kila kitu kwa kusikia. Kinachokosekana kwenye karatasi ni mapambo, mtelezo wa kidole na ule ucheleweshaji nilioutaja, kwa hiyo kijana aliyelelewa na noti pekee hupiga safi na kavu.

Kwa wasichana mlango ni mpana zaidi kuliko ulivyokuwa. Zamani mwanamke alikuwa mwimbaji na mwanamme ndiye mwenye ala. Leo kuna Tausi, kundi la wanawake lililoanzishwa na Maryam Hamdani, na kuna vijana kama Siti and the Band, ambao mwimbaji wao pia hupiga udi. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mazoezi ya usiku ana haki ya kuwa nao, na dawa yake ni kwenda mwenyewe kilabuni, kuwajua wazee wake, na kukubaliana nao saa ya mtoto kurudi. Wazee huheshimu mzazi aliyejitokeza, na humwangalia mtoto wake kwa jicho jengine.

Kuhusu ala, msikimbilie kununua. Fidla za bei rahisi zinazoletwa madukani mara nyingi huwa na vigingi visivyoshika, na mtoto anayepoteza nusu saa kila siku kwa nyuzi zinazolegea huhisi kwamba hana kipaji. Azimeni kwanza, au mwacheni aitumie ya kilabu. Miezi ya mwanzo akae na waitikiaji, abebe ala, apange viti, ajifunze maneno. Asiombe maikrofoni. Akitaka kurekodi mazoezi kwa simu aombe idhini, kisha nyumbani asisikilize wimbo wote kwa pamoja: mara ya kwanza amfuate mwimbaji peke yake, mara ya pili fidla za nyuma, mara ya tatu ngoma ya dumbak. Mahali asipoelewa aandike pembeni ya shairi, na siku ya mazoezi afike kabla ya watu kujaa, wakati wazee bado wanapatanisha nyuzi zao, kwani wakati huo ndipo wana nafasi ya kumjibu.