Kauri ni simbi au ni sahani? Jibu kwa mfasiri wa maelezo ya Gedi

Swali: Ninatafsiri kutoka Kiingereza maelezo ya wageni wanaotembelea magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Nyumba moja humo imepewa jina la bakuli la Kichina, na nyingine imepewa jina la simbi, yaani gamba la konokono wa baharini. Kamusi inanipa neno kauri kwa vitu vyote viwili, nami naogopa kuwa na nyumba mbili zenye jina moja. Je, nitumie kaure kwa bakuli? Je, vyombo vya kale vya China vya rangi mbili niviite “kauri kuukuu za buluu na nyeupe”?

Jibu: Hofu yako ina msingi. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alizoea kuziita nyumba za mji ule kwa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, na kwa Kiingereza majina hayo hayagongani. Kwa Kiswahili yanagongana, kwa sababu neno kauri limebeba maana mbili kwa muda mrefu. Maana ya kwanza ni yule konokono wa baharini mwenye gamba gumu linalong'aa, ambalo zamani lilitumika kama fedha. Jina hilo lilitufikia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara yake. Maana ya pili ni chombo cheupe kilichochomwa kwa moto mkali mpaka kikawa kigumu, laini na chenye mlio kinapogongwa kwa ukucha.

Usidhani kwamba mchanganyiko huu ni udhaifu wa lugha yetu. Waitaliano nao walikuwa na neno porcellana, ambalo lilikuwa jina la simbi kabla halijawa jina la sahani, na katika masimulizi ya safari za Marco Polo neno hilohilo linatumika kwa simbi na kwa vyombo vya China. Atakayeweka simbi na kikombe kizuri cha China juu ya meza moja ataona mara moja weupe na mng'ao vinavyofanana.

Kwa tafsiri yako, ushauri wangu ni kuligawa jukumu. Gamba liite simbi, neno la Kiswahili linaloeleweka na lisilo na maana nyingine ya kukusumbua hapa. Hivyo utapata Nyumba ya Simbi. Kauri ibaki kwa chombo, lakini isisimame peke yake: itanguliwe na jina la chombo chenyewe, yaani bakuli la kauri, sahani ya kauri, kikombe cha kauri. Nyumba ya pili basi itakuwa Nyumba ya Bakuli la Kauri, na hakuna mgeni atakayepotea. Umbo kaure si kosa, na wako waandishi wanaolitumia kwa ajili ya chombo tu ili kulitenga na simbi. Hata hivyo, tofauti ya irabu moja mwishoni mwa neno haimsaidii msomaji anayesoma kibao akiwa amesimama juani, na hupotea kabisa katika matamshi ya haraka. Ukilichagua, lishikilie tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Nakusihi pia uwe mwangalifu na neno kigae. Kwa mfinyanzi na kwa mwanaakiolojia, kigae ni kipande cha chombo kilichovunjika, na vitu vingi vinavyochimbuliwa katika miji yetu ya kale ni vigae vya namna hiyo. Lakini mtu wa leo akisikia “vigae vya kauri” huwaza sakafu ya bafuni. Andika “vipande vya bakuli” au “vipande vya sahani”.

Sasa rangi. “Kauri za buluu na nyeupe” inaweza kueleweka kwamba baadhi ya vyombo ni vya buluu na vingine ni vyeupe, ilhali jambo lenyewe ni tofauti. Mafundi wa Jingdezhen, mji ambao ufundi huu ulistawi katika karne ya 14, walichora kwa rangi ya madini ya kobalti juu ya udongo mweupe ambao haujachomwa, kisha wakafunika mchoro kwa utando unaogeuka kuwa kama kioo ndani ya tanuri. Weupe ni mwili wa chombo, na buluu ni mchoro ulio chini ya utando. Kwa hiyo sema “kauri nyeupe yenye michoro ya buluu”. Maneno yanaongezeka kidogo, lakini kila moja linasema kweli. Wachina wenyewe huiita qinghua, yaani maua ya buluu, jina linalotaja mchoro tu. Nasi tusemapo “kitambaa cha maua” hatuhesabu petali, kwa hiyo “kauri ya maua ya buluu” isingekuwa ngeni masikioni, ila katika maelezo ya kitaalamu ningeiepuka, kwa kuwa vyombo vingine vimechorwa samaki, mawimbi au majoka.

Kuukuu liache kabisa. Neno hilo lina harufu ya uchakavu: nguo kuukuu, mkeka kuukuu. Sahani iliyojengewa kwenye kaburi la mnara, yaani kaburi la kale lenye nguzo ndefu, kama zile za Mambrui karibu na Malindi au za Kunduchi, Dar es Salaam, haikuwekwa pale kwa kuwa imechakaa. Iliwekwa kwa sababu ilikuwa kitu cha thamani na cha fahari. Tumia “kauri ya kale”. Kongwe nalo linafaa, ingawa mimi hulisikia likikaa vizuri zaidi kwa mji au mti.

Hukuuliza, lakini utakutana nalo: “kauri ya China” au “kauri ya Kichina”? Katika mazungumzo hayana tofauti. Katika maelezo ya makumbusho ningeyatenga, kwa sababu mafundi wa Uajemi waliiga sana vyombo hivi, na kiambishi ki- kinaweza kumaanisha mtindo tu. Chombo kilichotoka China kiite cha China. Kilichoigwa kiite cha mtindo wa Kichina.

Ukitaka kumwonyesha mgeni jinsi vyombo hivi vilivyoingia ndani ya lugha yetu, mpe mfano wa sinia. Leo ni la bati au la alumini, tunalopakulia pilau, lakini neno hilo limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni Sini, yaani China. Mfano mwingine uko katika utenzi wa Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaomboleza kuanguka kwa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu. Anataja “madaka ya nyumba ya zisahani”, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Zisahani ni visahani kwa lahaja ya kaskazini, na madaka ni yale matundu ya ukutani yaliyopangwa vyombo ili mgeni avione. Kama maelezo yako yatafika kwenye kuta za nyumba, usiandike “rafu”. Andika daka, au kidaka likiwa dogo, na wingi wake vidaka. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni zidaka.