Simu Mbali, Dirisha Karibu: Kujipiga Picha ya Kikazi

Ujumbe wa kuomba picha huja ghafla siku zote: "Tutumie picha yako nzuri kabla ya saa kumi." Ukipekua simu unakuta za harusini, za safarini, moja nzuri sana isipokuwa bega la mtu mwingine bado limo pembeni, na ile ya kitambulisho ambayo hata mlinzi wa getini huitazama mara mbili. Studio inataka pesa na miadi. Mimi picha zangu zote za kikazi, kuanzia ya wasifu hadi za matangazo ya semina, nimejipiga mwenyewe nyumbani kwa simu, na wenzangu kadhaa nimewapiga kwa njia hiyohiyo. Simu ya kawaida tu, wala si toleo jipya. Kinachoharibu picha ni pale ilipowekwa simu na pale uliposimama wewe.

Nianze na umbali, maana hapa ndipo picha nyingi za kujipiga zinapokwama. Mkono ukinyooshwa, simu inakuwa nusu mita kutoka usoni, na mara nyingi hata haifiki. Kwa ukaribu huo pua iko mbele kuliko masikio kwa kiasi ambacho kamera inakiona, kwa hiyo pua inatanuka na masikio yanajificha. Usiilaumu lenzi, wala pua yako. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA Facial Plastic Surgery, lilichapisha hesabu ya jambo hili: uso ukipigwa kwa umbali wa sentimita 30, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ukipigwa kwa umbali wa mita 1.5. Waliofanya hesabu hiyo hawakuwa wanacheza. Kuna watu wanaokwenda kwa madaktari wa upasuaji na selfi mkononi, wakitaka pua ipunguzwe.

Basi iweke simu mita moja na nusu au mbili kutoka ulipo, na utumie kamera ya nyuma. Kwa kawaida ndiyo bora kuliko ya mbele, tena inakunyima nafasi ya kujitazama, na macho yanayojitazama kwenye kioo cha simu huonekana kabisa kwamba hayamtazami mtu. Kama kamera yako ina kitufe cha 2x, kibonyeze ili uso ujae vizuri bila wewe kusogea. Simu iwe usawa wa macho. Kama huna stendi, rundo la vitabu juu ya meza au rafu linatosha, na simu iegemee kitu kisichoteleza. Ikiwa chini sana, mtazamaji anasalimiwa na matundu ya pua. Weka kamera ihesabu sekunde 10 kabla ya kupiga, au mwombe mtu wa nyumbani abonyeze. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini. Alama ya kidole ikibaki pale, picha nzima inakuwa kama ina ukungu, na utapoteza nusu saa ukitafuta tatizo kwenye mwanga.

Baada ya hapo, dirisha. Tafuta lisilopigwa na jua la moja kwa moja. Siku ya mawingu ni neema. Zima taa zote za chumbani, hata kama unaona giza kidogo. Mwanga wa mchana una ubuluu na wa balbu nyingi una umanjano, na simu haiwezi kusawazisha vyote viwili kwa pamoja. Matokeo yake shavu moja linakuwa la rangi hii na la pili la rangi ile, na hakuna filta itakayokuokoa.

Simama kama mita moja kutoka dirishani, ulitazame moja kwa moja, kisha anza kugeuka polepole huku mtu akikuangalia, au huku ukijitazama kwenye kioo cha mkononi. Mwanzoni uso wote unang'aa sawasawa na umekuwa bapa. Endelea kugeuka. Kivuli cha pua kinaanza kulala shavuni, taya linajichora, uso unapata umbo. Ukigeuka zaidi, kivuli hicho kinakutana na kivuli cha shavu na kuacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Wapiga picha wanauita mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Unapendeza, ila kwa picha ya kazini naona una drama nyingi, kwa hiyo mimi husimama kabla ya kufika hapo. Simu ihamishwe ikufuate ulikogeukia. Ukiangaliana nayo, dirisha libaki ubavuni mwako kwa mbele kidogo. Upande wenye giza, tundika shuka jeupe kwenye kiti au simamisha karatasi ya manila nyeupe. Litarudisha mwanga kiasi na kivuli kitalegea.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kujaribu kuuleta katikati, usiwe mkali wala hafifu. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso unabaki giza lenye meno. Ukuta wa kijivu, wa udongo au wa kijani kilichopoa unaondoa shida hiyo. Kisha bonyeza kwa muda kidole kikiwa juu ya uso wako kwenye kioo cha simu hadi mwanga ujifunge, halafu telezesha alama ya jua uongeze au upunguze kidogo. Tatizo lenyewe lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, zenye sura ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Google nao walianza kutangaza kamera iliyofanyiwa kazi kwa ajili ya ngozi nyeusi, Real Tone, mwaka 2021 kwenye simu yao ya Pixel 6. Kwa hiyo picha yako ikitoka giza, usikimbilie kudhani umekosea wewe.

Jasho la paji la uso lifute kwa tishu, lakini usijipake poda hadi ung'avu wote uishe. Ngozi nyeusi inapata umbo kwenye picha kutokana na ule mng'ao, na dirisha kubwa huutandaza vizuri.

Nguo sina mengi ya kusema. Vaa unachovaa ukienda kuonana na mteja, ipigwe pasi, na epuka mistari myembamba sana kwa sababu huchezacheza kwenye picha. Kola ikaguliwe mara mbili. Miwani ikiakisi dirisha, inua mikono yake kidogo juu ya masikio na mng'ao utahama.

Mwili ndio kazi. Kuna mwenzangu, mhasibu, mcheshi wa kupindukia, lakini akiona lenzi anakauka kama mti. Nilimwambia ageuze miguu na kifua pembeni kidogo, uzito auweke mguu wa nyuma, kichwa tu ndicho kirudi kwenye simu. Kisha asogeze paji la uso mbele na kidevu chini kidogo sana. Ukimtazama kwa ubavuni anafanana na kobe, lakini kutoka mbele taya linaonekana na shingo inatulia. Bado uso ulikuwa umekaza. Basi nikamwomba anieleze kwa nini hesabu za mwezi huchelewa kila mara. Alieleza kwa hasira, akataja idara zote, na alipomaliza akashusha pumzi, akatabasamu kwa jicho moja. Picha iliyoko kwenye wasifu wake ni ya sekunde hiyo. Ukiwa peke yako, ongea na simu kwa sauti, funga macho, toa pumzi, uyafungue kamera inapokaribia kupiga. Piga nyingi, hazigharimu kitu.

Ukuta uwe mbali nawe kama mita moja na nusu, hapo utafifia kidogo wenyewe. Ile hali ya kufifisha nyuma kwa programu huwa naizima, kwa sababu inakula nywele, hereni na kingo za miwani, na mtu akiona sikio limenyofolewa haangalii kitu kingine. Za kutengenezwa na akili bandia nazo sizitaki kwa kazi: siku ya usaili wanamsubiri mtu ambaye hatafika.

Usichague mwenyewe. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha watu picha zao za kawaida na zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walielekea kupenda zilizogeuzwa, rafiki zao wakapenda za kawaida, maana kila mmoja alipenda sura aliyoizoea. Watakaoiona picha yako hawajazoea kioo chako. Chuja zibaki tatu, mpe mtu anayekuona kila siku, na akichagua usibishane naye.

Kuhariri kusizidi kukata kingo na kuongeza mwanga kidogo. LinkedIn na mitandao mingine huonyesha picha ndani ya duara, kwa hiyo acha nafasi juu ya nywele na pande zote za mabega. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ikienda kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Na faili lipe jina lako, ili anayepanga mabango ya semina asiweke uso wako juu ya jina la mwingine.