Mteja anayerudi ni mtu, si idadi ya kazi

Dada, unauliza kwa nini mdogo wako wa Toronto amemtunza mbwa wa jirani mara tano, na Rover, programu ya simu ya kutafuta watunza mbwa, bado inaonyesha mteja mmoja tu anayerudi. Hajaibiwa. Pale wanahesabu watu: jirani alihesabiwa aliporudi mara ya pili, basi. Lakini asikubali kulipwa mkononi, nje ya programu. Kazi hiyo haihesabiwi, na mbwa akiumia, dhamana ya Rover haimhusu. Hapo ndipo ninapomhofia.

Mimi hapa Bukavu nalinda mbwa wa watu wanaopanda boti kwenda Goma. Kwenye kaye yangu kila mwenye mbwa ana mstari mmoja, na vijiti pembeni kwa kila safari. Naye aandike hivyo.