VPN ya pili kukataa kwenye ruta moja
Ndugu, umeuliza kwa nini VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) inakukatalia jirani akiwa ameshaunganika kwenye ruta hiyohiyo. Nenosiri lako halina shida, na intaneti pia iko sawa. Kinachokufungia ni PPTP, aina ya zamani ya VPN mnayotumia. GRE, itifaki inayobeba data yake, haina namba za poti kama zile za TCP na UDP, itifaki za kawaida za intaneti, na ruta hutegemea namba hizo kujua jibu lirudi kwa nani. Kwa hiyo wapangaji wawili wa ploti moja hapo Kondele wakiingia seva ileile ya kazini, ruta nyingi za bei nafuu humhudumia aliyetangulia tu. Ndiyo maana unaingia jirani akishakata. Hili nalikuta mara kwa mara ninapofunga mitandao ya hosteli hapa Kisumu.

Mwombe mtu wa IT ofisini awahamishie OpenVPN au WireGuard, aina nyingine za VPN. Zote kwa kawaida hupita kwenye UDP, yenye namba za poti, kwa hiyo hazigongani. PPTP yenyewe ni ya kuachwa kabisa: MS-CHAPv2 inayotumia kuthibitisha watumiaji ilionyeshwa hadharani mwaka 2012 kwamba inavunjika, na hizo ni faili za watu mnazobeba.

Mkichukua WireGuard, kila kifaa kiwe na ufunguo wake. Mkinakili faili moja ya mipangilio, vifaa vitanyang'anyana muunganisho.

Ila kama VPN inaunganika na faili za ofisi hazifunguki, linganisha anwani za IP (namba za vifaa kwenye mtandao). Nyumbani na ofisini zote zikiwa 192.168.1.x, badilisha ya ruta ya nyumbani, mfano 192.168.37.x.