Jibu: Ndiyo, ukiwa na EB unaweza kuzaa kawaida

Dada uliyeuliza kama mwenye EB (epidamolisisi bulosa, hii ngozi yetu ya malengelenge) ni lazima apasuliwe: mimi ninayo tangu kuzaliwa, aina ya distrofiki (ile ambayo malengelenge yakipona huacha makovu), nimeirithi kwa baba. Nimezaa mara mbili hapa Nairobi, zote kawaida. EB peke yake si sababu ya kisu. Mara ya kwanza niliongezwa njia, na mshono ulipona haraka kuliko magoti yangu.

Kilichonitesa ni plasta. Nilifika leba wodi usiku, sista akaniwekea dripu na kubandika plasta mkononi. Nikamwambia asibandike. "Mama, wacha kudeka." Asubuhi plasta ilipotolewa ilitoka na ngozi, kovu ninalo mpaka leo. Ila sikumlaumu sana. Hakuwahi kuona mtu kama mimi, na nani anamsikiliza mwanamke akijieleza huku anapiga kelele za uchungu?

Mimba ya pili nikajipanga. Ikiwa na miezi saba, daktari wa ngozi aliniandikia barua ya ukurasa mmoja, nikaitia ndani ya kitabu cha kliniki, nikaenda pia kuonana na sista mkuu wa wodi mapema. Kisichotakiwa ni msuguano na kuvutwa. Ngozi yetu ikibanwa tu bila kusuguliwa huvumilia. Kwa hiyo dripu ifungwe kwa bandeji, au plasta ya silikoni ukiimudu. Mkono uzungushiwe pamba kabla ya mkanda wa presha. Spiriti iguswe-guswe, isisuguliwe. Glavu zipakwe jeli kwa wingi. Na kupanda kitandani nipande mwenyewe, nisishikwe kwapani. Pamba na bandeji nilinunua River Road, nikaja nazo kwenye begi pamoja na nguo za mtoto.

Kuhusu mtoto kuirithi, aina yangu ni nusu kwa nusu kila mimba. Iko nyingine ambayo baba na mama wamebeba jeni bila kuugua, hiyo ni mmoja kwa wanne. Jua aina yako kwanza, usipige hesabu kwa yangu.

Kitovu cha mtoto wangu wa pili kilifungwa kwa uzi badala ya kile kibanio cha plastiki. Siku ya tatu nikaona lengelenge palipopita lastiki ya nepi. Nililia, sitakudanganya. Halafu nikafanya alivyokuwa akinifanyia baba: sindano safi ya hospitali, unatoboa pembeni, maji yanatoka, ngozi ya juu unaiacha ifunike kidonda. Kunyonyesha niliweza, nikipaka chuchu na midomo yake mafuta ya mgando.

Nguo zake namvisha zikiwa zimegeuzwa, mishono nje isimkwaruze. Kwenye matatu hapakosi wa kuniambia, "Mama, umemvisha mtoto nguo ndani nje." Nasema asante, nashuka steji yangu.